Kuonja si Kula

Ngo.

Ukiwauliza waliokulia mtaa ule wanakumbuka nini, hawatakutajia harufu ya mikate, maana harufu waliizoea kama mtu anavyozoea jina lake. Watakutajia sauti hiyo. Mkate umetoka tanurini, umepinduliwa juu ya kiganja kilichokomaa kwa moto, na kifundo cha kidole kimeugonga kitakoni. Mkate ulioiva hujibu kama mlango wa nyumba isiyo na mtu. Ule ambao ndani bado ni mbichi hujibu kwa sauti nzito ya usingizi, kama umegonga godoro, nao hurudishwa motoni bila mjadala.

Mgongaji wanamwita Mzee Hamira. Mgeni hudhani ni kwa sababu ya kazi, lakini waokaji ni wengi na hawaitwi hivyo. Jina alilipata kwa tabia. Mtie katika kundi la watu walionyong'onyea, iwe foleni ya benki au benchi la zahanati, kisha kaa pembeni uangalie. Mmoja atatabasamu, wa pili ataguna, na punde benchi zima limeumuka.

Duka lake lina vyumba viwili. Cha mbele kina kabati la vioo, meza ya malipo, na kiti ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya. Cha nyuma ndicho chenyewe: tanuri, meza ndefu nyeupe kwa unga, mizani, magunia yaliyoegemea ukuta, na msumari wa kutundikia aproni. Aproni yake ni ya turubai nene, aliishona kwa mkono wake, na ina mkanda mmoja tu unaopita juu ya bega la kushoto. Kitambaa kilimwishia kabla ya mkanda wa pili. Akasema basi, unga wa mtu mmoja haubebwi na mabega mawili.

Kanuni ya maisha yake ilikuwa fupi: kuonja si kula. Alijifunza kwa fundi wake, aliyekuwa akisema mwokaji asiyeonja anauza bahati nasibu. Tangu hapo kidole chake cha shahada kilikuwa na safari zake. Kilikwenda kwenye bakuli la krimu, kikapanda mdomoni, kikashuka kwenye sufuria ya shira, kikapanda tena, na haya yote bila kumwarifu mwenye kidole. Mkewe, mwanamke mwembamba mwenye kauli pungufu na macho mengi, aliyekaa meza ya malipo, alizoea kusema, "Kile kidole kina tumbo lake."

Miaka kadhaa nyuma, moyo wa Mzee Hamira ulianza kuchelewa. Ulipiga, ukasita, ukasubiri kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Siku moja alianguka juu ya magunia na kuamka akiwa na unga hadi kwenye kope. Hospitali wakampandikiza kisanduku kidogo chini ya mfupa wa bega la kushoto, ambacho watu huita betri ya moyo, na kutoka hapo nyaya nyembamba zikapitishwa kwenye mshipa hadi ndani ya moyo wenyewe. Moyo ukisita, kisanduku kinaukumbusha. Tangu hapo hakuanguka tena, na alipenda kuwaambia wateja kwamba yeye sasa anatumia umeme.

Mwaka huu betri ilikuwa imezeeka, wakambadilishia. Kidonda kikapona vizuri. Baadaye, wakati kila mtu amekwishasahau, ngozi juu ya kisanduku ikaanza kuwa nyekundu. Ikavimba. Ukiigusa ilikuwa na joto.

"Inaumuka," alimwambia mkewe asubuhi moja, akijitazama kwenye kioo. "Hamira imepata pa kukaa."

Mkewe hakucheka. Alichukua mkoba, akafunga droo ya pesa, na akamwita kaka yake aliyekuwa akikanda chumba cha nyuma. "Shika duka. Nampeleka huyu."

Daktari wa moyo alikuwa mtu mnene, mpole, mteja wa siku nyingi wa mikate ya siagi ingawa wagonjwa wake aliwakataza. Alimpima, akamtoa damu, akamtazama moyo kwa ile mashine ya kupaka kifuani kitu baridi. Kisha akavuta kiti.

"Mzee wangu, sitakuficha. Hapo kuna vijidudu, ila sijui vimefika wapi. Kama viko kwenye ngozi tu, ni vidonge na usafi wa kidonda. Kama vimeingia kwenye kisanduku, au vimetambaa kwenye nyaya, lazima tutoe vyote. Na nyaya zako za siku nyingi, nyama imezikumbatia. Kuzing'oa si mchezo. Utalala hospitali kwa muda mrefu na moyo wako ukishikiliwa kwa waya wa nje, ndipo tukuwekee kingine upande wa kulia."

"Na hii mashine ya baridi inasemaje?"

"Inaona nusu. Chuma kinatupa kivuli."

Mzee Hamira akafikiri. "Hakuna namna ya kujua mambo ya ndani bila kupasua?"

"Ipo."

"Mnagonga."

Daktari alicheka mpaka kiti kikalia. "Tunagonga kwa sukari," alisema.

Wakapelekwa kwa dada wa picha, binti mwenye viatu vya raba na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu waliolala. Akaeleza polepole. Angemchoma sindano ya sukari iliyotiwa chembe ndogo ya mionzi, na mashine ingeona sukari hiyo inakokwenda. Penye vijidudu, askari wa mwili wamejaa na wanapigana, na anayepigana hula. Sukari ingekusanyika hapo, na mahali hapo pangewaka kwenye picha.

"Ila kuna mlafi mwingine," alisema. "Moyo. Nao unapenda sukari. Ukiwaka moyo mzima, hatutaona kitu pembeni yake. Kwa hiyo tunaufundisha moyo kula mafuta kwa siku moja. Kesho, baba, unakula nyama, mayai, mafuta. Mkate hapana. Wali hapana. Matunda, soda, pipi, hapana. Ukimaliza chakula cha jioni, ni maji matupu mpaka tukupige picha."

"Mwanangu, mimi ni mwokaji mikate."

"Ndiyo maana nimeanza na mkate."

Alitii. Alikula mayai yaliyoelea kwenye mafuta kwa uso wa mtu anayesoma hukumu yake, akala nyama, na jioni akafunga mdomo. Asubuhi, kabla ya kwenda hospitali, akaomba apitie dukani akaone tu. Kulikuwa na keki ya harusi ya ghorofa nyingi, na shemeji yake, mwenye mikono mizuri na haraka mbaya, ndiye aliyeachiwa.

"Nitaona tu," alimwambia mkewe. "Hata kiti sitakalia."

Akaona. Krimu ilikuwa nyepesi, akaongeza sukari kidogo, akaichapa tena. Shira ilikuwa haijashikana. Jamu ilihitaji limao. Akavua aproni, akanawa, akaenda kwa daktari akiwa na dhamiri nyeupe kama meza yake.

Hospitali walimchoma sindano, wakamlaza kwenye chumba chenye mwanga hafifu, wakamwambia asiongee wala kujitikisa, maana hata misuli ya koo ikifanya kazi hula sukari. Kwake hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko mayai. Kisha akaingizwa kwenye ile pete kubwa nyeupe, ikavuma, ikamaliza.

Dada wa picha alitoka kwenye chumba chake cha kioo akiwa amekunja uso.

"Baba, umekula nini?"

"Sijala kitu."

"Tangu jana?"

"Tangu jana jioni sijala kitu. Huyu mke wangu shahidi."

Akamwonesha kwenye kioo cha kompyuta. Kifua chote kilikuwa kijivu, na katikati moyo ulikuwa unawaka wote, mviringo, mwekundu na wa njano, kama tanuri mlango ukiwa wazi. Kisanduku kilikuwa pale pembeni lakini mng'ao ulikuwa umekifunika.

Mkewe akasogea. Aliushika mkono wa mumewe wa kulia kama anayetaka kumfariji, akaunyanyua, akanusa kidole cha shahada.

"Vanila," alisema.



"Nilionja," alisema Mzee Hamira. "Dada, nilionja tu. Kuonja si kula."

"Hiyo tofauti moyo wako hauijui, baba."

"Ulionja mara ngapi?" aliuliza mkewe.

Akaanza kuhesabu kwa vidole.  Alikumbuka krimu. Ya shira hakuikumbuka kabisa, wala ya jamu.

Daktari alikuja, akaitazama picha, akashusha pumzi. Sukari ile haikai, alieleza. Huandaliwa asubuhi, na kufikia jioni imepoteza nguvu. Zamu nyingine ilikuwa wiki iliyofuata. Akachukua kalamu akachora mstari kwenye ngozi kuzunguka wekundu. "Tunasubiri, lakini kwa masharti. Wekundu ukivuka mstari huu, au homa ikipanda, hatungoji picha. Tunatoa vyote. Na picha ya pili ikiharibika kama hii, pia sitakaa na wasiwasi, nitatoa. Afadhali kutoa kizima kuliko kuacha kibovu."

Njiani kurudi Mzee Hamira alijaribu kuchekesha. Alisema angalau sasa kuna ushahidi wa kitaalamu kwamba krimu yake inafika moyoni. Mkewe akaushika mkono wake.

"Baba watoto, mimi sitaki kujifunza kulala peke yangu kwa sababu ya krimu."

Mzaha ukaishia hapo. Walipita duka la vitambaa, wakapita kinyozi, na kwa mara ya kwanza watu waliowafahamu waliwaona wakitembea wameshikana mikono.

Siku ya mayai ilipowadia tena, mkewe alimpiga marufuku kukanyaga chumba cha nyuma. Angekaa mbele, mezani, yeye amwone. Lakini chumba cha mbele nacho kina kabati, na kabati lina keki. Shemeji ndiye aliyeleta ufumbuzi. Alitoka nyuma akiwa na glavu za tanuri, zile nene za pamba zilizoungua kwenye vidole, akazitupa mezani.

"Vaa, shemeji. Zote mbili."

"Nipokee pesa na glavu?"

"Pesa atapokea dada. Wewe kaa upendeze."

Basi akakaa, kwenye kiti chenye mguu wa waya, mikono miwili ndani ya glavu kama mtoto aliyeadhibiwa. Habari haikuhitaji kuchapishwa. Wateja wa asubuhi waliipeleka kwa wa mchana.

"Mzee Hamira, jiko limehamia mkononi?"

"Nasubiri nipakuliwe."

"Mzee, nimekuletea pipi."

"Mlete mama yako nimwambie alichozaa."

Fundi viatu wa jirani alisimama mlangoni, akamtazama kwa muda mrefu, akasema, "Nimeona majambazi wamefungwa vibaya kuliko hivyo, lakini si kwa sababu ya keki."

Walicheka wote, naye akacheka. Lakini kulikuwa na jambo alilolijua peke yake. Kila baada ya kitambo kidogo alijikuta na ladha ya pamba iliyoungua mdomoni. Alitazama ncha ya glavu ya kulia: imelowa. Akaishusha gotini. Akazungumza na mteja kuhusu bei ya unga. Alipomaliza, glavu ilikuwa mdomoni tena. Ilishuka, ikapanda. Hapakuwa na bakuli, hapakuwa na krimu, na bado mkono ulikuwa ukifanya safari zake kama mfanyakazi ambaye hajaambiwa kiwanda kimefungwa.

Alishangaa kweli. Mtu anaishi na mkono wake umri wote, akidhani wanajuana.

Mchana shemeji alileta kibakuli cha krimu mpaka mlangoni. "Mama mmoja anataka keki ya ubatizo wa mjukuu. Nahisi kuna kitu kimekosekana, sijui nini. Niambie."

"Unataka kumuua?" mkewe aliuliza bila kunyanyua macho kwenye chenji.

"Ninamuonesha tu."

Mzee Hamira alikitazama kibakuli. Glavu ya kulia ilinyanyuka, ikasimama hewani. Akaikamata kwa glavu ya kushoto, akaishikilia kama mtu anayemzuia mlevi.

"Onja wewe," alisema.

"Mimi sijui kuonja kama wewe."

"Hujui kwa sababu mimi nimekuonjea miaka yote hii. Tia kidole. Haya. Umesikia nini?"

Shemeji akaonja, akafumba macho. "Tamu."

"Tamu si jibu. Inaanza wapi, inaishia wapi?"

"Inaanza vizuri, halafu... halafu inakaa tu. Inaganda ulimini."

"Basi inataka nini?"

Shemeji akaonja tena. Uso wake ukafunguka polepole. "Chumvi. Punje chache."

"Nenda."

Shemeji akarudi nyuma akipiga mluzi. Mkewe alifunga droo, akamtazama mumewe, akanyoosha mkono na kumpangusa unga wa glavu uliomganda kwenye kidevu.  Kwa mwanamke yule, hiyo ilikuwa hotuba.

Kesho yake hawakupitia dukani. Mkewe alimnusa kidole kabla ya kutoka nyumbani, akakinusa tena langoni mwa hospitali. Dada wa picha alipouliza, "Umeonja, baba?" mkewe ndiye aliyejibu: "Ameonja glavu."

Sindano. Chumba chenye mwanga hafifu. Safari hii kimya hakikumsumbua. Alilala akasikiliza moyo wake, ambao haukuwa umepata punje ya sukari tangu juzi, ukipiga tu, bila kunung'unika. Aliufikiria mkono wa mkewe, siku ile njiani. Aliufikiria mstari wa kalamu. Wekundu ulikuwa umeukaribia upande mmoja, haujauvuka. Aliogopa, akijua anaogopa, na akajikataza kutetemeka ili misuli isile sukari iliyokuwa inatafuta kazi yake. Pete ikavuma. Ikanyamaza.

Walisubiri kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza benchi alilokalia Mzee Hamira halikuumuka.

Daktari aliwaita. Chumba chake kilikuwa kimefungwa mapazia, na kioo cha kompyuta kiling'aa peke yake. Dada wa picha alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani, akijaribu kuuficha uso wake na akishindwa.

"Sogea uone," alisema daktari. "Hapa ni kisanduku. Unaona? Kimetulia. Fuata nyaya hizi, zinapita kwenye mshipa, zinashuka, zinaingia moyoni. Hakuna mwanga njia nzima. Damu tuliyokutoa nayo tuliiweka maabara, haikuotesha kijidudu."

"Na hiyo inayowaka hapo juu?"

"Hiyo ndiyo shida yako, na iko kwenye ngozi tu. Haikuteremka. Kinachonishangaza ni umbo lake." Alipitisha kalamu hewani. Mwanga ulikuwa mwembamba, mrefu, umenyooka kama utepe, ukipita juu ya kovu. "Vijidudu havipendi rula. Mzee wangu, kuna kitu unabeba bega hili?"

Mzee Hamira akatikisa kichwa. Magunia hubebwa na shemeji.

Mkewe akainuka kutoka kwenye kiti. Akaunyoosha mkono, akaweka ukingo wa kiganja chake juu ya bega la mumewe, palepale ulipopita utepe. Ulilingana.

"Aproni," alisema. "Ule mkanda wako mmoja. Unasugua kovu kila siku, na jasho na unga juu yake." Akakaa. "Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua walikuwa wanazungumzia turubai."

Daktari alicheka, dada wa picha akacheka, na mwishowe hata yeye mwenye nguo. Kisha daktari akasema sawasawa, neno kwa neno, ili lisipotee: kisanduku kinabaki. Nyaya zinabaki. Vidonge, kidonda kisafishwe, arudi kuangaliwa, na aproni ile ichomwe moto.

"Nitamshonea ya kufunga kiunoni," alisema mkewe. Sauti yake ilikatika mwishoni, akajifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba.

Wakaanza kuinuka. Dada wa picha alinyoosha mkono kuzima kioo.

"Subiri, mwanangu," alisema Mzee Hamira. "Moyo wenyewe uko wapi? Ule wa safari ile haukuhitaji kutafutwa."

Akamwonesha. Hapakuwa na moto tena. Palikuwa na kivuli tu, cheusi, duara, kama tanuri la siku ya mapumziko. Dada akasema ndivyo unavyotakiwa kuonekana. Umekubali kukaa bila sukari ili vingine vionekane.

Mzee Hamira akainama hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Alikunja kidole, akakigonga kioo kwa kifundo, taratibu, palipokuwa na kivuli. Mkewe alikuwa karibu, na ni yeye peke yake aliyesikia alichokiambia.

"Pole, mwenzangu. Tukifika nyumbani utaonja."